Ng'ombe Mwenye Mimba na Ndama Wake: Kinga Inawekwa Kabla ya Siku ya Kuzaa



Somo la leo ni juu ya asiransi, ndiyo ile inayoitwa pia bima. Hapa kwetu wengi wanalijua neno hili kwa magari tu, sababu polisi anaomba karatasi yake barabarani. Lakini mali kubwa ya familia nyingi za Bushi ni ng'ombe, na siku yenye hatari kubwa kwa ng'ombe jike ni siku ya kuzaa. Tunataka kuonyesha namna ya kumwekea kinga yeye na ndama wake, iwe kwa kampuni ya asiransi, iwe kwa sanduku la chama chenu wenyewe.

Jambo lililotufundisha

Upande wa Walungu, chama kimoja tunachofanya nacho kazi kilikuwa na mpango wa ng'ombe wa mzunguko. Mnaujua mpango huo: mwanachama anapewa mtamba, maana yake ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Anamfuga, na ndama jike wa kwanza anampa mwanachama anayefuata kwenye orodha.

Mama mmoja mjane alipata mtamba wake. Wakampandisha kwa dume mkubwa wa aina ya kigeni, juu ya kutafuta maziwa mengi. Siku ya kuzaa ilipofika, ndama alikuwa mkubwa kuliko njia. Vijana wa jirani walivuta kwa kamba tangu jioni mpaka usiku. Mama alitaka kumwita veterineri, lakini alihesabu pesa ya pikipiki, pesa ya dawa na pesa ya kazi, akaona hana. Alingoja kuche, labda atazaa mwenyewe. Veterineri aliitwa asubuhi. Alipofika alikuta ng'ombe amekufa, na ndama ndani.

Kwenye mkutano wa chama, mama akasimama akauliza: « Ng'ombe yangu ilikufa na mtoto mu tumbo. Sasa ile deni ya ndama inabaki kwangu, ao ilikufa nayo pamoja? »

Hakuna aliyekuwa na jibu. Prezida alisema deni linabaki, sababu limeandikwa. Familia iliyokuwa inafuata kwenye orodha ilikuwa imekwisha kujenga zizi na kupanda matete. Nao pia walikuwa wamepoteza. Kisha kesia wa Muso akakumbusha kwamba mama alikuwa na mkopo wa ada ya shule, ambao alisema atalipa kwa maziwa. Kifo kilikuwa kimoja, hasara zikawa tatu.

Tuseme ukweli: kosa la kwanza lilikuwa letu sisi tuliogawa ng'ombe. Tulikuwa na karatasi ya kumkabidhi mtu mnyama, lakini hatukuandika hata mstari mmoja juu ya mnyama akifa. Mkutano ulirudiwa mara mbili ndipo wakakubali kufuta deni la ndama. Familia iliyofuata ilingoja zaidi ya mwaka. Urafiki wa watu ulipona, lakini kwa shida. Somo hili limetoka pale.

Kwa nini wakati wa mimba ni wa pekee

Mimba ya ng'ombe inachukua siku 283 hivi, ni kusema miezi tisa na siku chache. Ukipandisha tarehe 1 mwezi wa 3, umngojee kuzaa karibu na tarehe 9 mwezi wa 12. Katika muda huo wote mfugaji anaongeza gharama: majani, chumvi, dawa ya kupe, na siku 60 za mwisho ambazo anaacha kumkamua ili kiwele kipumzike. Pesa inatoka, na hakuna inayoingia. Ng'ombe akifa mwezi wa tisa, anakufa akiwa amekula karibu mwaka mzima wa jasho lako.

Hatari zenyewe ni nyingi. Kuna kutupa mimba, na mara nyingi sababu yake ni bruseloze, ugonjwa unaotoa ndama hasa katika miezi ya mwisho. Kuna ndama mkubwa asiyepita. Kuna kondo la nyuma linalobaki ndani. Kuna ng'ombe wa maziwa mengi anayeanguka asiweze kusimama, siku moja au mbili baada ya kuzaa, kwa kukosa kalisi mwilini. Na ndama naye, akisha kuzaliwa, anangojewa na kuhara, na kichomi cha baridi ya mlimani, na ndigana kali, ambayo maveterineri wetu wanaita teileriozi na ambayo inaletwa na kupe.

Sasa sikieni jambo lenyewe. Wakati hatari inakaribia, mlango wa asiransi unafungwa. Hakuna kampuni, na hakuna sanduku lenye akili, litakalompokea ng'ombe ambaye amekwisha kuanza kuumwa uchungu wa kuzaa. Kinga inatafutwa wakati mnyama ni mzima na mimba bado ni ya miezi michache.

Asiransi ni nini, na iko wapi

Asiransi ni watu wengi kutoa kidogo kidogo, ili yule mmoja atakayepatwa na hasara asianguke peke yake. Anayetoa na asipatwe na kitu hajapoteza pesa yake: amenunua usingizi, na amemsaidia mwenzake.

Katika nchi yetu, kazi ya asiransi ilikuwa mikononi mwa SONAS peke yake tangu mwaka 1966. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa 3 mwaka 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na mwaka 2019 kampuni za kwanza za watu binafsi zilipata ruhusa. Mamlaka inayotoa ruhusa na kuzisimamia inaitwa ARCA. Basi mtu akija kijijini kwenu anauza asiransi ya mifugo, swali la kwanza ni hili: kampuni yako ina ruhusa ya ARCA? Akianza kuzungukazunguka, mpeni kiti, mpeni maji, na pesa zibaki mfukoni.

Tuangalie majirani. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilianza mwaka 2019 mpango wa taifa wa asiransi ya kilimo na mifugo, na serikali inalipa sehemu ya 40 kwa 100 ya malipo ya mfugaji. Ng'ombe wa maziwa ni kati ya wanyama wa kwanza walioingia. Huko Kenya, mwaka 2010, wilayani Marsabit, walianza namna nyingine: satelaiti inaangalia majani ya malisho kutoka juu, na yakikauka kupita kiasi, wafugaji wote wa eneo wenye asiransi hiyo wanalipwa bila mtu kuja kuhesabu maiti za ng'ombe. Namna ile ya Kenya ni nzuri kwa nchi za ukame, lakini haimsaidii mama wa Walungu. Ng'ombe wake hakufa kwa ukame. Alikufa peke yake, zizini. Kwa kuzaa, tunahitaji asiransi inayomwangalia mnyama mmoja mmoja, kwa jina lake na alama yake.

Wazo la kumkinga mtoto ambaye hajazaliwa si geni. Ulaya na Marekani, wenye farasi wa mashindano wanaweka asiransi kwa farasi jike mwenye mimba, na wanaweza kuweka nyingine kwa mtoto aliye tumboni. Hata kwao, kampuni nyingi hazimpokei mtoto wa farasi kwa mkataba wake mwenyewe mpaka atimize saa 24 na veterineri aandike kwamba ni mzima. Sababu ni moja na ya kwetu: siku ya kwanza ndiyo yenye vifo vingi. Kumbe anayedhani kwamba kumlipia mama ni kumlipia na mtoto, anakosea. Mama na mtoto ni mistari miwili kwenye karatasi.

Maswali ya kumuuliza mtu wa kampuni

Kabla ya kutia sahihi au kidole, chama kiulize haya, na majibu yaandikwe kwenye mkataba. Maneno ya mdomo hayafiki kwa anayelipa.

1. Kinga inaanza siku gani? Mikataba mingi ina muda wa kungoja. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa ndani ya muda huo, hakuna malipo.

2. Kifo cha wakati wa kuzaa kinalipwa? Mkataba mwingine unasema « kifo kwa ugonjwa na ajali », halafu ukurasa wa nyuma unatoa kuzaa.

3. Kutupa mimba kunalipwa? Na kama kunalipwa, kuanzia mwezi wa ngapi?

4. Ndama anaingia lini, kwa bei gani, mpaka umri gani?

5. Thamani ya ng'ombe imeandikwa ngapi? Sokoni Mugogo ng'ombe mwenye mimba kubwa hauzwi sawa na yule mtupu. Ukiandika bei ya mtupu, utalipwa bei ya mtupu. Lakini msiongeze bei kwa uongo: siku ya hasara kampuni itaangalia bei ya soko, na uongo utavunja mkataba wote.

6. Ni mambo gani hayalipwi? Hapa someni polepole. Karibu kila mkataba wa asiransi unatoa vita na uporaji. Wizi wa kawaida unaweza kulipwa au kukataliwa. Kwa nchi yetu, mstari huu si mdogo.

7. Nikipata hasara, nina saa ngapi za kutoa habari, na kwa nani? Kama namba ni ya Kinshasa tu, na ng'ombe amelala Burhale usiku, mjue shida iko mbele.

Kama kampuni haiko: sanduku jekundu

Vyama vingi vya kwetu vina Muso, na Muso inajua masanduku yake: la kijani ni la akiba na mikopo, la buluu ni la pesa inayotoka nje, na jekundu ni la kusaidiana katika taabu. Wamoja wanatumia sanduku jekundu kwa msiba na ugonjwa wa watu tu. Tunapendekeza kufungua sehemu ya pili ndani yake, yenye daftari lake na funguo zake, kwa ng'ombe jike na ndama.

Angalisho: kuuza asiransi ni kazi ya kampuni zenye ruhusa. Ninyi mnafanya mfuko wa kusaidiana kati ya wanachama. Basi msikusanye pesa kwa asiye mwanachama, msitoe karatasi yenye neno asiransi, na kila kanuni ipigiwe kura kwenye mkutano mkuu na iandikwe.

Kanuni tunazopendekeza ni hizi.

Ng'ombe anaingia akiwa mzima, akiwa na hereni ya sikio, na veterineri amemwona. Mimba inaandikishwa ikisha kuhakikishwa kwa mkono wa veterineri, kuanzia mwezi wa tatu, na mlango unafungwa mwezi wa sita ukiisha. Kwa yule wa mfano wetu, aliyepandishwa tarehe 1 mwezi wa 3, siku ya mwisho ni tarehe 31 mwezi wa 8. Atakayekuja mwezi wa 9 akiona ng'ombe anachechemea, aambiwe kwa heshima: mwaka ujao.

Mimba iliyoandikishwa inapata vitu viwili. Cha kwanza, na ndicho kikubwa: kuzaa kukiwa kugumu, sanduku linalipa safari na kazi ya veterineri, saa yoyote, bila kungoja komite ikae. Sekretere na kesia wanatosha kutoa pesa hiyo. Cha pili: ndama akitimiza saa 24 akiwa amesimama na amenyonya, mjumbe wa chama anakuja kumwona, anamwandika, na tangu hapo yuko ndani ya kinga mpaka miezi sita.

Fidia ya ng'ombe ni sehemu ya 70 kwa 100 ya thamani iliyoandikwa, isipite pale. Mtu akilipwa yote, macho yake yanalala. Akibakiza hasara kidogo begani mwake, ataamka usiku kuangalia mnyama.

Kutupa mimba hakulipwi kwa miaka miwili ya kwanza, sababu bruseloze ikiingia inaweza kupiga ng'ombe wengi mara moja na kumaliza sanduku. Lakini sanduku linaweza kusaidia kulipa kipimo cha damu kabla ya ng'ombe kupokelewa. Hiyo ni pesa ndogo inayolinda pesa kubwa.

Hesabu

Tuchukue mfano. Hizi ni namba za kujifunzia. Ninyi mtaweka za kwenu.

Tuseme chama kina ng'ombe jike 40, thamani ya kila mmoja ni dola 500. Kwenye daftari, kwa miaka mitatu walikufa 6, ni kusema 2 kwa mwaka. Fidia ni 70 kwa 100 ya 500, maana yake dola 350. Wawili ni dola 700. Gawanya kwa ng'ombe 40: inakuja dola 17 na nusu. Ongeza akiba kidogo kwa mwaka mbaya, mchango ukuwe dola 20 kwa ng'ombe kwa mwaka. Sanduku litapata dola 800.

Sasa mimba. Tuseme kwa mwaka mimba ni 25. Kuzaa kugumu ni 4, na kumwita veterineri ni dola 15 kila mara: dola 60. Ndama 3 wanakufa kabla ya miezi sita, fidia dola 60 kila mmoja: dola 180. Jumla ni dola 240. Gawanya kwa 25, inakuja dola 9 na senti 60. Tuseme dola 10 kwa kila mimba.

Mwenye ng'ombe mwenye mimba atatoa basi dola 30 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi 12, ni dola 2 na nusu kwa mwezi. Si kidogo kwa mtu anayelima kwa jembe, tunajua. Ndiyo maana inafaa kukusanya siku ya maziwa au baada ya mavuno, si mwezi wa 9 wakati wazazi wanatafuta pesa ya shule.

Na mwaka mbaya? Tuseme walikufa 4 badala ya 2. Wanaostahili ni dola 1.400, na sanduku lina 800. Hapa vyama vingi vinavunjika, sababu wa kwanza alilipwa yote na wa mwisho akakuta sanduku tupu. Kanuni iwe hivi: kila mwenye hasara anapata dola 150 mara moja, na kinachobaki kinagawanywa mwisho wa mwaka, bila mtu kupita dola 350. Kwa vifo 4, kwanza zinatoka dola 600. Mwisho wa mwaka zile 200 zilizobaki zinagawanywa, kila mmoja anaongezewa 50, jumla dola 200. Kwa vifo 2, zinatoka dola 300, kisha mwisho wa mwaka kila mmoja anaongezewa 200 na kufika 350, na sanduku linabaki na dola 100 za akiba. Waelezeni wanachama hesabu hii kabla ya mwaka kuanza. Anayejua mapema kwamba anaweza kupata 200 hatasema ameibiwa.

Karatasi moja kwa kila ng'ombe

Mnyama asiye na karatasi, siku ya hasara ni hadithi tu. Karatasi ya kila ng'ombe iwe na haya: jina la mwenye mnyama na kijiji, namba ya hereni, rangi na alama, kama baka jeupe la paji la uso au pembe iliyovunjika, umri kwa kuhesabu meno na mara alizozaa, tarehe ya kupandishwa na aina ya dume, tarehe ambayo veterineri alithibitisha mimba, siku inayotazamiwa ya kuzaa, chanjo na dawa ya kupe, kwa tarehe, thamani iliyokubaliwa, sahihi au kidole cha mwenye ng'ombe na cha sekretere. Mwenye simu apige picha ya mnyama kwa mbele na kwa ubavu.

Kwa ng'ombe wa mzunguko ongezeni mistari miwili: fidia ikilipwa, ni ya nani? Na deni la ndama linakuwa namna gani? Sisi tunapendekeza hivi: ng'ombe akifa bila uzembe kabla ya kutoa ndama jike, fidia inanunua mtamba mwingine wa mzunguko, kwa jina la mama yule yule, na deni linahamia kwa mtamba mpya. Kwa njia hii mwenye orodha anangoja, lakini hapotezi.

Bila matunzo hakuna malipo

Kinga ya karatasi haichukui nafasi ya mkono wa mfugaji. Komite ina haki ya kukataa malipo kama mwenye ng'ombe hakufanya yaliyo ndani ya uwezo wake. Na uwezo wenyewe ni huu.

Mtamba mdogo asipandishwe na dume wa aina kubwa. Mimba yake ya kwanza iwe ya dume wa kimo cha kwao. Hilo moja tu lingeokoa ng'ombe wa Walungu. Dawa ya kupe ifuate ratiba ya veterineri, na usisahau ndani ya masikio, ambapo kupe wa teileriozi wanapenda kukaa. Siku 60 kabla ya kuzaa acha kukamua, ongeza majani mazuri na maji safi.

Siku ya kuzaa, mweke pakavu, na watu wasijae zizini. Maji yakisha kutoka na ng'ombe akisukuma muda wa saa moja bila jambo kwenda mbele, piga simu. Ukiona mkia bila miguu, au mguu mmoja na kichwa hakionekani, usivute kabisa, piga simu. Kuvuta kunafanywa ng'ombe anaposukuma, kwa nguvu ya watu wawili, si kijiji kizima.

Ndama akitoka, safisha pua na mdomo, paka iyode kwenye kitovu, na anyonye maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, ndani ya saa mbili kama inawezekana, na isipite saa sita. Maziwa hayo ndiyo chanjo yake ya kwanza. Kondo la nyuma lisipotoka mpaka saa 24, mwite veterineri. Usilivute kwa mkono. Ng'ombe aliyezaa akianguka na masikio yake yakiwa baridi, hiyo ni ya kuita siku ile ile, sababu kalisi ikiingizwa mapema na veterineri mara nyingi anasimama.

Ng'ombe akitupa mimba, usishike kitu kwa mkono mtupu, usiwape mbwa, chimba shimo uzike. Bruseloze inawapata na watu. Maziwa yachemshwe, kila siku, hata ya ng'ombe anayeonekana mzima.

Siku ya hasara

Hasara ikitokea, mambo yanafuatana hivi. Toa habari kwa sekretere siku ile ile. Usizike wala usichune kabla mjumbe na veterineri hawajaona. Piga picha, hereni ionekane. Veterineri anaandika sababu ya kifo, na wajumbe wawili wasio wa familia wanatia sahihi.

Kama ng'ombe hajafa lakini hawezi kupona, veterineri anaweza kuruhusu achinjwe. Nyama ikiuzwa, pesa yake inaondolewa kwenye fidia. Fidia ni 350, nyama imeleta 120: sanduku linalipa 230. Lakini mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, hata kama nyumba ina njaa. Akiwa amekufa ghafula na damu inatoka puani au nyuma, inaweza kuwa kimeta, ile tunaita sharbo. Huyo hapasuliwi na hachunwi. Veterineri anaangalia bila kumfungua, anazikwa kwa kina, na sanduku lilipe bila kuomba ngozi wala sikio.

Turudi Walungu

Chama kile sasa kina sehemu yake ya ng'ombe ndani ya sanduku jekundu. Si kikubwa, na wamoja bado wanachelewa kutoa mchango. Siku walipopiga kura juu ya kanuni, watu wengi walitaka kuanza na fidia ya ng'ombe aliyekufa. Yule mama ndiye aliyewarudisha: « Mimi sikukosa mutu wa kunilipa ng'ombe. Nilikosa franga ya kuita munganga ile usiku. Muanzie pale. » Wakaanzia pale, na sisi tukabadilisha somo letu kufuata maneno yake.

Maswali ya kujadiliana kwenye mkutano wenu

1. Kwa miaka mitatu iliyopita, ng'ombe jike wangapi wa wanachama walikufa, na wangapi walikufa kwa kuzaa? Nani ana daftari?

2. Usiku wa leo ng'ombe akishindwa kuzaa, namba ya veterineri iko kwa nani, na pesa ya pikipiki inatoka wapi?

3. Karatasi za ng'ombe wa mzunguko zinasema nini mnyama akifa?

4. Mchango gani kwa mwezi unaweza kutoka kwenye nyumba zetu bila kuvunja chakula cha watoto?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kila mwenye ng'ombe mwenye mimba aje na tarehe ya kupandishwa, hata kama ni ya kukisia. Hesabuni siku 283 pamoja, mwandike siku ya kuzaa ukutani pa ofisi ya chama. Mkisha kuiona ile orodha, mtajua ni nani wa kusaidiwa kwanza.

Mpaka somo lijalo, Mungu awalinde, na mazizi yenu yajae.